Namna ya kuchambua jina la shujaa mbele ya umma: Spider-Man kutoka filamu hadi filamu

Mabishano kuhusu filamu za Spider-Man kwa kawaida huishia kwenye swali la nani ameigiza vizuri zaidi kati ya Tobey Maguire, Andrew Garfield na Tom Holland, na kila mmoja huondoka na mtu wake yule yule aliyekuja naye. Lipo swali jingine lenye faida zaidi kwa anayetaka kuandika uchambuzi, kuongoza mjadala wa klabu ya filamu au kufundisha wanafunzi kutazama kwa makini: wakazi wa mji ambao shujaa huyu anaulinda wanamwonaje, ni nani aliyewafanya wamwone hivyo, na mtazamo huo unamgharimu nini? Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijibu. Mfano wake ni Spider-Man kwa sababu adui wake wa kudumu kuliko wote hana silaha wala nguvu za ajabu. Ni mwenye gazeti.

Kabla ya kuwasha filamu

Ni vizuri kujua kwanza jambo hili lilivyoanza katika vitabu vya katuni. Spider-Man alionekana mara ya kwanza Agosti 1962 katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Mwaka uliofuata alipata kitabu chake mwenyewe, na J. Jonah Jameson, yule mwenye gazeti, akawamo tangu toleo la kwanza. Humo Jameson anamshambulia kijana aliyejifunika uso kwa kalamu na kwa hotuba. Kisha mwanawe John, ambaye ni mwanaanga, anapatwa na hitilafu angani, Spider-Man anahatarisha maisha yake ili amwokoe, na baba mtu, badala ya kushukuru, anadai kwamba hitilafu yenyewe ilikuwa njama ya mwokozi. Katika toleo la pili Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, anaanza kumuuzia Jameson picha ili kodi ya nyumba anayoishi na shangazi yake May ipate kulipwa.

Matoleo hayo mawili yanakupa vipimo vitatu: tuhuma isiyotikiswa na ushahidi, mtuhumu mwenye jukwaa ambalo mtuhumiwa hana, na mtuhumiwa ambaye kwa shida ya fedha humpelekea mtuhumu picha za kumchafulia jina. Kila toleo la skrini hubakiza baadhi ya vipimo hivyo na kutupa vingine, na kazi yako ya kwanza ni kubaini kipi kimebaki. Katuni za televisheni zilizoanza mwaka 1967 zilibakiza vyote, ila kwa mzaha, kiasi kwamba hasira za Jameson ni za kuchekesha tu. Mfululizo wa katuni wa 1994 hadi 1998 ulikwenda mbali zaidi. Katika visa vya vazi jeusi, chombo cha anga cha John kinaanguka, Spider-Man anamwokoa, na Jameson anatangaza donge la dola 1,000,000 kwa atakayemnasa, huku mpiga picha Eddie Brock akiwa ameficha picha zinazomwonyesha mwizi halisi, Rhino. Ni kisa kile kile cha 1963, lakini chanzo cha uongo kimehama: zamani ulizaliwa kichwani mwa Jameson mwenyewe, na sasa analetewa na kijana anayetafuta malipo. Badiliko dogo la namna hiyo ndilo la kuandika katika daftari lako, kwa kuwa linamfanya mhariri awe mtu aliyedanganywa, na mtu aliyedanganywa husamehewa kwa urahisi kuliko aliyedanganya.

Mfuate mbeba habari

Tazama kila filamu mara mbili. Mara ya kwanza itazame kama mtazamaji mwingine yeyote. Mara ya pili, kalamu ikiwa mkononi, simamisha kila mahali ambapo mtu asiyejua ni nani aliye nyuma ya kinyago anamzungumzia shujaa, kisha uandike ni nani anayesema, anasema kupitia chombo gani, amejuaje, na atafaidika nini. Swali la amejuaje ndilo ambalo wachambuzi wengi huliruka, na ndilo lenye majibu ya kushangaza, maana mara nyingi msemaji hakuona chochote kwa macho yake.

Hapa pana tahadhari moja. Wengi wetu tulizikuta filamu hizi katika vibanda vya video, zikiwa zimesimuliwa kwa Kiswahili na msimulizi anayemwita shujaa steringi tangu dakika ya kwanza. Usimulizi huo una ladha yake na siudharau hata kidogo, lakini kwa kazi hii haufai, kwa sababu msimulizi huwa ameshaamua kwamba steringi ni mtu mwema, na sauti yake huyafunika hasa yale unayoyatafuta: kichwa cha habari kinachopita mezani, televisheni inayosema nyuma ya wahusika, mpita njia anayetupa neno moja na kwenda zake. Tafuta nakala yenye sauti ya asili na maandishi chini ya picha.

Filamu ya Sam Raimi ya mwaka 2002 ndiyo darasa zuri zaidi la kuanzia. Baada ya Peter kuanza kuokoa watu, mwongozaji anaweka mfululizo wa vipande vifupi ambamo wakazi wa New York wanaizungumzia sura hii mpya mjini, mmoja akimsifu, mwingine akimkebehi, na mwanamuziki wa barabarani tayari amemtungia wimbo. Angalia mpangilio: maoni ya mitaani yanatangulia, Jameson, aliyeigizwa na J. K. Simmons, anafuata. Kwa hiyo gazeti la Daily Bugle halianzishi mashaka. Linayakuta yakiwa yametawanyika, linayakusanya na kuyauza. Jameson hana haja ya kuamini anachokichapa. Anajua kwamba picha ya mtu huyu ikiwekwa ukurasa wa mbele nakala zinakwisha, na kwamba mtu asiyejitokeza kujieleza hawezi kukanusha.

Lakini usimwandike Jameson kuwa mwongo basi, kwa maana filamu hiyo hiyo inakuzuia. Green Goblin, adui wa Spider-Man katika filamu hiyo, anapovunja dirisha la ofisi, akamkaba Jameson koo na kumtaka amtaje anayepiga picha za Spider-Man, mzee huyu anadai kwamba hamjui, kwamba picha huletwa kwa posta. Peter alikuwa chumba hicho hicho muda mfupi uliopita. Mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa akibana malipo ya kijana huyu sasa yuko tayari kufa kuliko kumtaja. Kisha Spider-Man anaingia kumwokoa, na neno la kwanza la Jameson ni kwamba alijua tangu zamani wawili hawa wanashirikiana. Sekunde hizo zimebeba mambo mawili ambayo mchambuzi mvivu huyatenganisha: uadilifu wa kazi na upofu wa chuki ndani ya mtu mmoja, bila kimoja kukifuta kingine. Ukiwa na nafasi ya kueleza tukio moja tu la filamu ya 2002, eleza hilo.

Usisahau pia tarehe. Filamu ilitoka Mei 2002, miezi minane baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na trela ya awali iliyoonyesha utando wa buibui kati ya minara pacha ilikuwa imeondolewa. Watu wa darajani wanaomtupia Goblin vitu na kumwambia kwamba anayemgusa mmoja wao amewagusa wote wanazungumza kama wakazi wa mji huo wa wakati huo. Umma unaompenda shujaa hapa unajipenda wenyewe kupitia kwake, na ni vigumu kulieleza tukio hilo kwa haki bila kutaja mwaka.

Sifa njema nayo ichunguzwe

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kuchunguza jina la shujaa ni kuhesabu matusi. Filamu ya tatu ya Raimi, ya mwaka 2007, inafaa kwa sababu inaanzia upande wa pili: mji unampenda, unafanya sherehe na kumkabidhi ufunguo wa heshima, naye analewa sifa hizo kiasi cha kumbusu msichana mwingine, Gwen Stacy, mbele ya umati huku mchumba wake, Mary Jane, akiangalia. Matusi yote ya Jameson hayajawahi kumharibia nyumba yake kama makofi ya siku hiyo. Baadaye Eddie Brock anatengeneza picha ya uongo inayomwonyesha Spider-Man akiiba, Peter anaufichua udanganyifu huo, na Daily Bugle linalazimika kuomba radhi, jambo ambalo Jameson analilalamikia kwa kuwa hajalifanya kwa miaka 20. Filamu yenyewe ni dhaifu kuliko zilizoitangulia, lakini kwa mada hii haipaswi kurukwa.

Ya pili, ya mwaka 2004, ina kipande kidogo cha kuonyesha darasani. Peter ameacha kazi ya ushujaa, mzoa taka amelileta vazi lake ofisini kwa Jameson, na vazi limetundikwa ukutani kama ngozi ya mnyama aliyewindwa. Uhalifu unapopanda, Jameson analitazama na kukiri kwa sauti ya chini kwamba mtu yule alikuwa shujaa na yeye hakutaka kuliona hilo. Mara anageuka, vazi limechukuliwa na mwenyewe, na hapo hapo anarudia kumwita mwizi. Kukiri na kukana kumetenganishwa na sekunde tu, na hakuna gazeti lililokuwapo kurekodi lile neno la kwanza.

Palipo na polisi badala ya gazeti

Filamu mbili za Marc Webb, za 2012 na 2014, zitakusumbua ukizitafutia Jameson, kwa kuwa katika ya kwanza hayumo kabisa na katika ya pili anajulikana kwa barua pepe anazomjibu Peter. Nafasi yake imechukuliwa na kapteni wa polisi George Stacy, baba yake Gwen, ambaye katika filamu hizi ndiye mpenzi wa Peter. Kapteni huyo anatoa amri Spider-Man akamatwe. Mezani kwao, Peter akiwa mgeni wa chakula cha jioni, kapteni anaeleza kwamba mtu anayejichukulia sheria mkononi anaweza kuvuruga upelelezi wa polisi, na kwamba mwizi wa magari aliyenaswa na Spider-Man alikuwa akifuatiliwa ili awafikishe kwa wakubwa wake. Ni hoja nzito. Msikilizaji mwaminifu hana budi kukubali kwamba hapa shujaa analaumiwa kwa sababu, wala si kwa chuki.

Kwa hiyo badilisha maswali yako. Palipo na gazeti, uliza habari inauzwaje. Palipo na polisi, uliza ni sheria gani imevunjwa na nani amedhurika. Katika filamu za katuni za Spider-Verse, ya 2018 na ya 2023, ambamo kila ulimwengu una Spider-Man wake, utahitaji maswali ya aina zote mbili kwa pamoja: Peter Parker wa ulimwengu wa kijana Miles Morales, atakayekuwa Spider-Man baada yake, anapendwa hadi ana albamu ya Krismasi, na anapokufa mji mzima unaomboleza ukiwa umevaa vinyago vyake, ilhali baba yake Miles, ambaye ni polisi, hamkubali, akiona kwamba mtu anayefanya kazi kama hiyo awajibike kwa uso wake. Gwen wa ulimwengu mwingine, ambaye huko ndiye mvaa kinyago, anawindwa na baba yake mzazi, kapteni yule yule wa jina la Stacy, kwa kifo ambacho hakukikusudia. Katika filamu hizo jina baya linaishi nyumbani, linakula meza moja na mtoto.

Gazeti lisilo na karatasi

Spider-Man wa Tom Holland, aliyeingia mwaka 2016 na kupata filamu yake mwenyewe mwaka 2017, anaanza bila gazeti lolote. Anajulikana kwa video za simu zilizowekwa mtandaoni, na watu wa mtaani Queens wanamwomba apinduke sarakasi kana kwamba ni msanii wa barabarani. Akimkamata mtu aliyedhani anaiba gari, anakuta ni mwenye gari, na majirani wanampigia kelele kutoka madirishani. Sifa yake ni ndogo, ya mtaa, na inarekebishika kwa kuomba radhi. Kumbuka ukubwa huo, kwa sababu filamu ya 2019 inauvunja kwa dakika moja: mwishoni, katika kipande kinachotokea majina ya watendaji yakiwa yanapita, Jameson anarudi, akiigizwa tena na J. K. Simmons, lakini sasa ni mwenye tovuti, na video iliyochezewa ya Mysterio, adui wa filamu hiyo, inarushwa kwenye skrini kubwa za mjini ikidai kwamba Spider-Man ndiye aliyeshambulia London, kisha inalitaja jina la Peter Parker.

Ukiwalinganisha Jameson wawili wa mwigizaji mmoja, usiishie kwenye nywele. Yule wa 2002 ana ofisi iliyojaa watu, ana msaidizi wake Robbie Robertson anayemkatalia, na ana mpiga picha wa kumlipa. Huyu wa filamu ya 2021 tunamwona akitangaza peke yake mbele ya kamera, akichomeka katikati ya shutuma tangazo la virutubisho anavyouza mwenyewe. Hakuna aliye kati ya hasira yake na masikio ya watu. Kipimo cha tatu tulichokichukua katika vitabu kimetoweka pia: Peter hamuuzii tena picha, kwa hiyo ule ukinzani wa kula kwa mkono wa anayekutukana haupo, na badala yake video zinatoka kwa yeyote mwenye simu. Kwa maoni yangu hapo filamu imepoteza kitu cha thamani, ingawa imepata kingine, yaani hisia ya kwamba hakuna mlango wa ofisi ambao mtuhumiwa anaweza kuubisha ili ajieleze.

Linganisha tukio moja

Baada ya kukusanya maelezo, ushawishi wa kulinganisha filamu nzima na filamu nzima utakuwa mkubwa, ukatae. Chagua tukio linalojirudia katika matoleo yote na ulipime hilo tu. Tukio ninalolipendekeza ni la uso kuonekana, kwa sababu jina baya la Spider-Man limesimama juu ya kinyago.

Mwaka 2004 anasimamisha treni ya abiria kwa mwili wake, kinyago kikiwa kimetoka, kisha anazimia. Abiria wanampitisha juu ya mikono yao na kumlaza chini taratibu, wanamtazama, na mmoja anashangaa kwamba ni kijana tu, si mkubwa kuliko mwanawe. Watoto wawili wanamrudishia kinyago na kuahidi kwamba hawatasema. Mwaka 2012 analo gari lenye mtoto likining'inia darajani na kuwaka moto. Anajivua kinyago kwa hiari na kumpa mtoto akivae ili apate ujasiri. Baba wa mtoto huyo ni mtu wa winchi za ujenzi, na baadaye Spider-Man akiwa amepigwa risasi mguuni na polisi, ni yeye anayewaita wenzake wazipange winchi juu ya barabara ili aweze kupita. Katika filamu hiyo hiyo kapteni Stacy anauona uso, anamtambua mgeni wake wa mezani, na anamwachia aende. Mwaka 2019 uso unaonyeshwa kwa watu wote kwa wakati mmoja, na walioko barabarani hawamtazami yeye, wanaitazama skrini.

Sasa una jambo la kusema. Katika matukio ya 2004 na 2012 uso unaonekana kwa walio karibu kiasi cha kuuona umechoka au umeumia, na kila mara huruma inashinda habari. Katika tukio la 2019 uso umekuja ukiwa umeshafungwa pamoja na maelezo ya mtu mwingine, na hakuna anayepata nafasi ya kuuona kabla ya kuambiwa ni wa nani na amefanya nini. Sentensi kama hiyo inaweza kuwa hoja kuu ya uchambuzi wako, kwa kuwa msomaji anaweza kuipinga kwa kurudi kwenye filamu na kutazama. Sentensi inayosema kwamba filamu moja inamwonyesha shujaa akipendwa na nyingine akichukiwa haiwezi kupingwa wala kusaidia.

Unapoandika, tenganisha daima majina mawili, la Peter na la Spider-Man, na useme ni lipi linaloharibiwa. Katika filamu za Raimi Spider-Man anachafuliwa huku Peter akibaki kijana maskini asiyejulikana. Mwaka 2021 ni Peter anayenyimwa nafasi ya chuo cha MIT, na rafiki zake wawili wananyimwa pamoja naye, ijapokuwa mwanasheria Matt Murdock amemwambia kwamba mashtaka hayatasimama. Mwisho wa filamu hiyo dunia inamsahau Peter Parker kabisa, lakini Spider-Man hasahauliki, na Jameson anaendelea kumshutumu. Ukiyachanganya majina hayo mawili, mwisho huo hautaweza kuueleza.

Anayetaka kuongeza michezo ya video anaweza kuanza na ule wa 2018, ambamo Jameson ameacha gazeti na anaendesha podikasti inayosikika wakati mchezaji akiruka kati ya majengo. Iandikie sehemu yake peke yake. Anayetukanwa hapo ni mchezaji mwenyewe, aliyetoka kuzuia ujambazi dakika moja iliyopita kwa vidole vyake, na maswali ya mbeba habari itabidi uyapange upya kwa kuanza na yeye.